Freddie Mercury: Mwana wa Unguja aliyewagawa wasikilizaji

Mwezi Septemba mwaka 2006 kulizuka ubishani kisiwani Unguja juu ya siku ya kuzaliwa ya mtu aliyekwisha kufariki dunia karibu miaka 15 kabla yake. Mgahawa mmoja wa ufukweni, Mji Mkongwe, ulikuwa umeandaa tafrija ya kuadhimisha miaka 60 tangu azaliwe Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya roki ya Uingereza iitwayo Queen. Jumuiya ya Uamsho na Mihadhara ya Kiislamu ilipinga, ikieleza kwamba mwenendo wa maisha ya mwimbaji huyo haukuafikiana na maadili ya Kiislamu, na kwamba kumuenzi ni kuwavunjia heshima watu wa visiwani. Tafrija ikafutwa.

Huo haukuwa mfarakano wa kwanza juu yake. Tangu mwanzo wa miaka ya 1970 wasikilizaji walikuwa wakigawanyika kuhusu Queen: wako walioona bendi hiyo ni kilele cha muziki wa roki, na wako walioona ni makelele yaliyovishwa mavazi ya fahari. Tofauti ni kwamba huko Ulaya na Marekani watu walibishana zaidi juu ya muziki wake, na nyumbani alikozaliwa wakabishana juu ya mtu mwenyewe.

Kutoka Unguja hadi Panchgani

Alizaliwa Septemba 5, 1946 katika hospitali ya serikali mjini Unguja, akapewa jina la Farrokh Bulsara. Baba yake, Bomi Bulsara, alikuwa mtunza fedha wa Mahakama Kuu chini ya utawala wa Waingereza. Mama yake aliitwa Jer. Walikuwa Waparsi, yaani jamii ya Wahindi wenye asili ya Uajemi wanaofuata dini ya Zoroasta, na jina la ukoo wao latokana na mji wa Bulsar katika Gujarat, ambao siku hizi huitwa Valsad.

Alipokuwa na umri wa miaka minane, wazazi wake walimvusha Bahari ya Hindi kwenda kusoma katika shule ya bweni ya St. Peter's, huko Panchgani, mji wa milimani usio mbali sana na Bombay. Huko ndiko alikojifunza piano, na huko ndiko wenzake walikoanza kumwita Freddie. Pamoja na wanafunzi wengine aliunda kikundi kilichoitwa The Hectics, kikiiga nyimbo za roki zilizovuma wakati huo.

Alirejea Unguja mwaka 1963. Mwezi Disemba mwaka huo Zanzibar ilipata uhuru, na Januari 12, 1964 yakatokea Mapinduzi. Kijana Farrokh alikuwa na umri wa miaka 17. Katika miezi iliyofuata familia ya Bulsara ilifungasha virago na kuhamia Uingereza. Kwa wasomaji wetu wengi walioko Muscat, Dubai au London, ambao wazee wao waliondoka visiwani katika mwaka huo huo, sehemu hii ya kisa haihitaji maelezo marefu.

Mpagazi wa uwanja wa ndege

Familia ilipata makazi Feltham, kitongoji kilicho karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Freddie alifanya vibarua, kikiwemo cha kupakia mizigo katika uwanja huo, huku akiendelea na masomo. Mwaka 1969 alihitimu stashahada ya sanaa na michoro katika chuo cha Ealing. Baadaye, akishirikiana na rafiki yake Roger Taylor, alikuwa na kibanda katika soko la Kensington wakiuza nguo za mitumba.

Taylor alikuwa mpiga ngoma wa bendi iliyoitwa Smile, pamoja na mpiga gitaa Brian May. Mwimbaji wao alipojitoa mwaka 1970, Freddie aliingia mahali pake. Yeye ndiye aliyependekeza jina la Queen, na wakati huo huo akaliacha jina la Bulsara na kujiita Mercury. Alichora pia nembo ya bendi, iliyotokana na nyota za kuzaliwa za wanamuziki wenyewe. Mwaka 1971 alijiunga John Deacon, mpiga gitaa la besi, na tangu hapo wanne hao hawakuachana mpaka kifo.

Jambo ambalo wengi husahau ni kwamba kila mmoja wao alitunga nyimbo zilizovuma. Mercury alitunga Bohemian Rhapsody na We Are the Champions, May akatunga We Will Rock You, Deacon akatunga Another One Bites the Dust, na Taylor akatunga Radio Ga Ga. Kwa hiyo aliyependa gitaa zito alikuwa na Queen yake, aliyependa nyimbo za kuchezwa alikuwa na yake, na aliyependa piano na sauti za kwaya naye hivyo hivyo. Mara nyingi waliobishana kuhusu bendi hiyo hawakuwa wakizungumzia muziki mmoja.

Wimbo wa karibu dakika sita

Mzozo mkubwa wa kwanza ulikuja mwaka 1975 kwa wimbo wa Bohemian Rhapsody. Ulikuwa na urefu wa dakika 5 na sekunde 55, wakati redio zilizoea nyimbo za dakika tatu. Haukuwa na kiitikio. Ulianza kwa utulivu, ukaingia katika opera, ukageuka kuwa roki ya vishindo, kisha ukarudi katika utulivu. Ndani yake mlikuwa pia na neno ambalo kila mtoto wa Pwani hufundishwa kulitamka kabla ya kutia tonge kinywani.

Wakuu wa kampuni ya santuri waliona hautauzika. Mtangazaji Kenny Everett wa kituo cha Capital mjini London aliupiga mara 14 katika siku mbili za mwisho wa wiki, na wasikilizaji wakaanza kuulizia madukani kabla haujatoka. Ulikaa kileleni Uingereza kwa wiki tisa. Hata hivyo, wapo wahakiki walioona ni mchanganyiko usio na kichwa wala miguu, na kwamba mwimbaji anajionyesha tu.

Lawama hizo ziliongezeka miaka miwili baadaye, ulipoibuka muziki wa vijana walionyoa nywele kwa mtindo ambao Afrika Mashariki hadi leo huitwa panki. Wao walitaka nyimbo fupi, chafu na za hasira. Kwao Queen, pamoja na taa zake, moshi wake na mavazi yake ya kubana, ilikuwa mfano wa kila walichokichukia. Albamu ya Jazz ilipotoka mwaka 1978, mhakiki wa jarida la Marekani la Rolling Stone alifika hadi ya kuifananisha bendi hiyo na ufashisti, akiona kwamba nyimbo zake zinawaamrisha wasikilizaji badala ya kuzungumza nao. Nyimbo hizo hizo, We Will Rock You na We Are the Champions, ndizo zilizochukuliwa na mashabiki wa kandanda na kuimbwa viwanjani kote duniani.

Mashabiki wagawanyika

Mpaka hapo waliobishana walikuwa wahakiki kwa upande mmoja na mashabiki kwa upande wa pili. Katika miaka ya 1980 mgawanyiko uliingia katika nyumba ya mashabiki wenyewe.

Kwa muda mrefu Queen iliandika kwenye majalada ya santuri zake kwamba haikutumia sintesaiza, kile kinanda cha umeme chenye kutoa sauti za kila namna. Kwa wapenzi wa gitaa la Brian May, maandishi hayo yalikuwa kama kiapo. Mwaka 1980, katika albamu ya The Game, kiapo kikavunjwa. Albamu hiyo ilikuwa na Another One Bites the Dust, wimbo wenye mdundo wa muziki wa watu weusi wa Marekani, nao ukafika kileleni nchini humo.

Lakini albamu ya Hot Space ya mwaka 1982 ilizama katika disko. Wakati wake ulikuwa mbaya. Miaka mitatu tu kabla yake, mwezi Julai 1979, maelfu ya wapenzi wa roki walikusanyika katika uwanja wa besiboli wa Chicago kushuhudia santuri za disko zikilipuliwa. Wengi wa mashabiki wa aina hiyo waliichukulia Hot Space kuwa ni usaliti. Na ulipotoka mwaka 1984 mkanda wa video wa I Want to Break Free, ambamo wanamuziki wote wanne walivaa nguo za kike kwa mzaha, Waingereza walicheka, bali Wamarekani wengi hawakufurahishwa. Mercury hakufanya tena ziara ya Marekani na Queen baada ya mwaka 1982.

Sun City na Wembley

Oktoba 1984 Queen ilifanya kosa ambalo kwa Waafrika lilikuwa zito kuliko yote. Ilikwenda kupiga muziki Sun City, katika Bophuthatswana, moja ya maeneo yaliyotengwa kwa watu weusi na utawala wa kibaguzi wa Afrika Kusini na kupewa uhuru wa jina tu. Umoja wa Mataifa ulikuwa umewataka wasanii waisusie nchi hiyo. Tanzania, iliyokuwa ikiwahifadhi wapigania uhuru wa ANC pale Mazimbu, Morogoro, ilikuwa imebeba gharama ya msimamo huo kwa miaka mingi.

Bendi ilijitetea kwamba haikuwa ya siasa na kwamba ilipiga muziki kwa yeyote aliyetaka kusikiliza. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliitoza faini, na jina lake likaingizwa katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya waliokiuka mgomo. Wapo wasikilizaji ambao tangu siku hiyo hawakuisamehe.

Miezi tisa baadaye, Julai 13, 1985, bendi hiyo hiyo ilipanda jukwaani Wembley katika tamasha la Live Aid, lililoandaliwa kuwachangia waathirika wa njaa nchini Ethiopia. Ilipewa takriban dakika 20. Mercury aliwashika watu wapatao 72,000 kwa sauti na ishara za mkono, na wengi huhesabu dakika hizo kuwa miongoni mwa maonyesho bora kabisa katika historia ya roki. Je, Wembley iliifuta Sun City? Kwa wengine ndiyo. Kwa wengine, wema uliofanywa mbele ya kamera za dunia nzima hauwezi kulipa deni la aina ile. Mwezi Novemba 2003 May na Taylor walipiga muziki mjini Cape Town katika tamasha la kampeni ya Nelson Mandela dhidi ya ukimwi. Mercury hakuwepo tena.

Siri ya miaka minne

Mwaka 1987 Mercury aligunduliwa kuwa na virusi vya ukimwi. Aliendelea kurekodi, ikiwemo albamu ya Barcelona aliyoimba na gwiji wa opera wa Hispania, Montserrat Caballé. Alizidi kukonda, magazeti yakauliza, naye akakanusha. Novemba 23, 1991 alitoa taarifa ya kukiri ugonjwa wake. Siku ya pili yake akafariki dunia nyumbani kwake Kensington, London, akiwa na umri wa miaka 45. Mazishi yake yaliongozwa na makasisi wa dini ya Zoroasta, dini ya wazee wake.

Hapo pia watu waligawanyika. Wako waliosema mtu ana haki ya kuuguza ugonjwa wake faraghani, hasa katika zama ambazo wagonjwa wa ukimwi na wanaume wenye wapenzi wa kiume walinyooshewa vidole. Wengine walisema sauti kama yake ingeokoa maisha ya wengi kama ingesikika mapema. Afrika Mashariki ilikuwa na mfano wake: mwanamuziki wa Uganda, Philly Lutaaya, alijitangaza hadharani mwaka 1989, akazunguka shuleni na makanisani akionya vijana, mpaka alipofariki mwezi Disemba mwaka huo huo. Fedha za tamasha la kumkumbuka Mercury, lililofanyika Wembley mwezi Aprili 1992, ndizo zilizoanzisha mfuko wa Mercury Phoenix wa kupambana na ugonjwa huo.

Mwana wa nani?

Miaka imepita, na upande wa wanaompenda umezidi kupata nguvu. Mkusanyiko wa nyimbo bora za Queen, uliotolewa mwaka 1981, ndio albamu iliyouzwa kwa wingi zaidi katika historia ya Uingereza, ikipita nakala milioni 7. Filamu ya maisha yake ya mwaka 2018 ilimpatia Rami Malek tuzo ya Oscar, ingawa ililaumiwa kwa kuonyesha kwamba aliwaeleza wenzake habari za ugonjwa kabla ya Live Aid, miaka miwili kabla ya kugunduliwa kuwa na virusi.

Mercury mwenyewe hakupenda kuzungumzia Unguja. Mashabiki wake wengi walifahamu asili yake baada ya kifo chake, na ukimya huo umewapa hoja wanaosema kwamba kisiwa hakina sababu ya kumdai mtu ambaye hakukidai. Wengine hujibu kwamba kijana aliyeondoka akiwa na miaka 17, katika mwaka kama ule, huenda alikuwa na sababu zake za kunyamaza.

Mwezi Novemba 2019 jumba la makumbusho yake lilifunguliwa Shangani, Mji Mkongwe. Watalii huingia kutazama picha za mtoto wa Kiparsi wa Unguja. Katika vichochoro vya nje, ubishani ule wa mwaka 2006 haujapata hakimu.