Livingstone wa Ujiji: Mskoti aliyeikataa wiski

Baada ya kipindi cha Jumapili wengi mliniandikia mkiuliza inakuwaje mtangazaji wa Kigoma anazungumzia wiski ya Uskoti nusu saa nzima. Ni kweli, wiski naipenda, ingawa kwa mshahara wangu naionja kwa nadra. Mara ya kwanza ilikuwa harusini. Ile yenye harufu ya moshi ilinikumbusha migebuka waliokaushwa kwa kuni, na tangu siku hiyo nikaanza kusoma habari zake. Nikiwa katika kusoma huko nikakutana na mtu ambaye sote tumelisikia jina lake tangu darasa la nne, yule wa mnara wa Ujiji chini ya miembe. Leo nataka nisimulie maisha ya Dkt. David Livingstone kwa njia ambayo shuleni hatukufundishwa.

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, kijiji cha kiwanda cha pamba karibu na jiji la Glasgow. Ukoo wake ulitoka Ulva, kisiwa kidogo cha magharibi mwa Uskoti, na ni babu yake aliyehama kuja kutafuta kazi kiwandani. Kwa watu wa visiwa vile na wa milimani, kupika wiski lilikuwa jambo la kawaida kama sisi na pombe ya ndizi. Mkulima alivuna shayiri, akailoweka mpaka ikatoa kimea, akaikausha kwa moto wa mboji, ule udongo mweusi wa mabwawani unaowaka kama kuni. Kisha aliisaga, akaichachusha na kuichemsha kwenye chungu cha shaba, na mvuke ukapita kwenye bomba la baridi ukatoka ukiwa tone tone. Anayelijua gongo ameshaelewa. Mtambo ni uleule, tofauti ni shaba badala ya debe. Kwa wakulima wengi pombe hiyo ndiyo iliyolipa kodi ya shamba.

Serikali ilitaka ushuru wake, wakulima wakajificha. Kulikuwa na maofisa wa kusaka mitambo, kulikuwa na walinzi wa kijiji wa kupiga mbiu, na mapipa yalivushwa usiku. Mwaka 1823 Bunge la Uingereza lilibadili mbinu: leseni ikawa pauni 10 kwa mwaka, ushuru ukapunguzwa, ila mtambo usiwe mdogo kuliko galoni 40, yaani kama lita 180. Mwaka uliofuata mkulima mmoja wa bonde la Glenlivet, George Smith, akachukua leseni. Majirani zake waliokuwa bado wakipika kwa siri walimwona msaliti, wakatishia kumchomea kiwanda. Miaka kadhaa alitembea na bastola mbili kiunoni. Kiwanda hicho kipo mpaka leo.

Sasa angalia tarehe. Mwaka huohuo wa 1823 mtoto David, akiwa na miaka 10, aliingia kiwandani Blantyre kuunga nyuzi za pamba zinazokatika. Kazi ilianza saa 12 asubuhi na kwisha saa 2 usiku, halafu alikwenda shule ya jioni. Kwa mshahara wa wiki ya kwanza alinunua kitabu cha sarufi ya Kilatini. Baba yake, Neil, alikuwa mchuuzi wa chai, mtu wa dini kali, na katika nyumba yake pombe haikuingia. Ndiyo kusema nchi ilikuwa inahalalisha wiski wakati kijana huyu analelewa aikatae, na aliikataa kweli. Miaka mingi baadaye, alipokuwa mashuhuri, aliandika kwamba kwa zaidi ya miaka 20 hakuwa ametumia kileo chochote, na kwamba safari ngumu kuliko zote aliziona zikifanywa na watu waliokunywa maji tu, tena wakati mwingine hata hayo maji hayakutosha.

Alisomea udaktari Glasgow, akatumwa na London Missionary Society, akafika kusini mwa Afrika mwaka 1841. Akamwoa Mary Moffat, binti wa mmisionari, mwaka 1845. Habari za simba aliyemvunja mkono, za kuvuka bara kutoka Luanda mpaka Quelimane na za maporomoko ya Zambezi mnazifahamu, sitazirudia.

Habari isiyosimuliwa sana ni ya Mary. Alizaliwa Afrika, akazijua lugha za kule, akasafiri na mumewe kwa gari la ng'ombe akiwa mjamzito. Mwaka 1852 Livingstone alimpeleka Uingereza pamoja na watoto wanne, yeye akarudi porini. Miaka zaidi ya minne Mary aliishi kwa kuhamahama katika nchi asiyoizoea, fedha hakuna, akagombana na wakwe zake wa Uskoti. Waandishi wa maisha yake wanaeleza kwamba katika upweke huo alianza kunywa, na kwamba alipomfuata mumewe Zambezi, wasafiri wenzake waliliona tatizo hilo. Homa ilimuua huko Shupanga, nchini Msumbiji, tarehe 27 Aprili 1862. Livingstone, mtu aliyezika wengi bila kuyumba, alilia kama mtoto.

Mimi hapa huwa nasimama kidogo. Mtu aliyejikataza hata tone moja, kileo kiliingia nyumbani kwake kupitia mlango aliouacha wazi mwenyewe. Katika barua mnazonitumia kuhusu ulevi majumbani, nasoma sana habari za wanaume. Wake wanaoachwa peke yao hawatajwi.

Twende Ujiji. Safari ya mwisho ilianza mwaka 1866 kutokea Zanzibar, akitafuta chanzo cha Mto Nile na kuandika maovu ya biashara ya utumwa. Mapema mwaka 1867 watu wawili walitoroka na sanduku lake la dawa, na tangu hapo afya haikurudi. Alifika Ujiji kwa mara ya kwanza Machi 1869, akiwa amebebwa. Julai 1871 alikuwa Nyangwe, ng'ambo ya ziwa ndani ya Kongo, aliposhuhudia watu wakipigwa risasi sokoni, wengi wao wanawake, wengine wakizama mtoni wakikimbia. Alirudi Ujiji Oktoba akiwa amechoka mwili na roho, akakuta bidhaa alizotumiwa zimeuzwa na mtu aliyekabidhiwa kuzitunza. Akabaki anaishi kwa hisani ya majirani.

Siku chache baadaye Henry Morton Stanley aliingia mjini na bendera ya Marekani, bunduki zikilia. Salamu yake maarufu mnaijua. Stanley ameeleza pia chakula cha siku ile, na wa Ujiji mtafurahi: Said bin Majid alileta sahani ya maandazi ya nyama, Mohammed bin Sali kuku wa mchuzi, Mwinyi Kheri nyama ya mbuzi na wali. Halima, mpishi wa Livingstone, hakutulia jikoni kwa ajili ya mgeni. Kisha Stanley akaagiza chupa ya shampeni aliyoibeba kutoka pwani mahsusi kwa siku hiyo, pamoja na vikombe viwili vya fedha. Wakatakiana afya njema, na mzee akanywa. Haikuwa wiski ya kwao, ilikuwa mvinyo wa Kifaransa, barazani, mbele ya Ziwa Tanganyika. Mimi simhukumu. Alikuwa na miaka 58, meno machache, na kwa muda mrefu hakuwa amepata barua wala habari za ulimwengu.

Mwaka huohuo wa 1871, kule Uskoti, alifariki George Smith wa Glenlivet.

Livingstone na Stanley walizunguka kaskazini mwa ziwa kwa mtumbwi, wakahakikisha kwamba Mto Rusizi unaingia ziwani na hautoki, kwa hiyo ziwa letu si mama wa Nile. Wakaondoka pamoja kwenda Unyanyembe, karibu na Tabora, Stanley akaendelea pwani. Mzee alikataa kurudi kwao. Alifariki katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, tarehe 1 Mei 1873.

Abdullah Susi, James Chuma na wenzao wakaamua kumrudisha. Walitoa moyo na matumbo wakazika chini ya mti, wakaujaza mwili chumvi na kuukausha kwa jua siku 14. Kulikuwa na brandi kidogo, nayo wakaitumia kuuhifadhi usiharibike. Hivyo yule asiyeonja alisafiri mpaka Bagamoyo na kileo mwilini. Huko London walimtambua kwa mfupa wa mkono uliovunjwa na simba, akazikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874.

Vita dhidi ya utumwa viliendelea baada yake. Mwaka 1890 mataifa yalitia sahihi mkataba wa Brussels wa kupinga biashara hiyo, na ndani yake pombe kali ikawekewa mipaka katika sehemu kubwa ya Afrika. Wakoloni walifuata njia hiyohiyo: Mwafrika akatazwe pombe kali, Mzungu aendelee na wiski yake klabuni. Uganda ilipopata uhuru ilifanya kama walivyofanya Waskoti, ikatunga sheria ya enguli mwaka 1965, wapikaji wakate leseni na pombe yao isafishwe kiwandani, ndipo ikapatikana Uganda Waragi. Kwetu gongo bado linapikwa kwa kujificha. Sisemi mlinywe. Hakuna anayepima kilichomo, wapo wanaolichanganya na spiriti za viwandani, na spiriti hizo hupofusha na kuua. Ila kila nikiona debe limepondwapondwa mbele ya kituo cha polisi na mama amekaa chini kando yake, namkumbuka George Smith na bastola zake.

Jumapili ijayo saa 3 usiku ni zamu ya Susi na Chuma, na yaliyowapata baada ya Bagamoyo.