Daktari Burkitt na Uvimbe wa Taya

Daktari Denis Burkitt alizaliwa nchini Ayalandi mwaka 1911. Alipokuwa na umri wa miaka 11 aliumia, akapoteza jicho la kulia. Hata hivyo alijifunza upasuaji, na mwaka 1946 akaja Uganda kutibu wagonjwa.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, alionyeshwa mtoto aliyevimba mataya pande zote, juu na chini. Wiki chache baadaye, huko Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye uvimbe kama ule. Ilikuwa aina ya saratani, na kisu cha daktari hakikuweza kuiponya. Watoto walikufa.

Burkitt alitaka kujua ugonjwa huo unapatikana wapi. Alichapisha karatasi zaidi ya 1,000 zenye picha za watoto wagonjwa, akazipeleka katika hospitali nyingi za Afrika. Kisha, mwaka 1961, yeye na madaktari wenzake wawili walinunua gari kuukuu. Walisafiri wiki 10, mwendo wa kilometa 16,000 hivi, kutoka Kampala kupitia Tanganyika hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiuliza hospitali kwa hospitali.

Habari hizo zilipotiwa katika ramani, jambo la ajabu lilionekana. Ugonjwa ulikuwa mwingi penye joto na mvua, lakini juu milimani haukuonekana. Watoto wa Mhezi, katika Milima ya Upare, wanajua kuwa kadiri mtu apandavyo ndivyo baridi izidivyo. Mbu waenezao malaria hupenda joto. Leo yajulikana kuwa malaria ya mara kwa mara huchangia ugonjwa huu, pamoja na virusi vilivyogunduliwa mwaka 1964 katika vipande vya uvimbe ambavyo Burkitt alivipeleka London.

Burkitt aliacha kisu, akajaribu dawa. Baadhi ya watoto walipona kabisa! Lakini uvimbe huu hukua upesi mno. Waweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mara nyingi huanza kwa meno ya mtoto kulegea, au jicho kutokeza, na ni rahisi kudhani ni jino bovu tu. Mtoto afikishwaye hospitali katika siku hizo za mwanzo ana matumaini makubwa ya kupona.

Daktari Burkitt alifariki mwaka 1993. Ugonjwa huo huitwa kwa jina lake, na watoto wa Tanzania waupatao hutibiwa katika hospitali kubwa, kama ile ya Muhimbili iliyoko Dar es Salaam.