Ebenezer Howard: karani aliyetaka bei ya udongo iwafaidi wakaaji wote

Katika komini ya Tshopo, mjini Kisangani, ambako barabara nyingi zinajulikana kwa namba, nafasi ya kujenga imekuwa ndogo. Mwenye parseli anaikata vipande, mtoto anajenga nyuma ya nyumba ya baba yake. Familia zinazotafuta kiwanja zinatoka nje ya mji, upande wa Lubuya-Bera, kwenye udongo uliokuwa shamba la muhogo. Barabara ikifika huko, bei ya parseli inapanda, na faida inabaki kwa yule aliyetangulia kununua.

Jambo hilo hilo lilimsumbua Mwingereza mmoja zaidi ya miaka 120 iliyopita. Aliitwa Ebenezer Howard, baba wa wazo la miji ya bustani. Wengi wanamkumbuka kwa sababu ya miti na maua, lakini miti haikuwa kiini cha wazo lake.

Howard alizaliwa London tarehe 29 Januari 1850, mtoto wa mwoka mikate. Aliacha shule akiwa na miaka 15, akawa karani. Hakusomea ujenzi wala upimaji wa viwanja. Mwaka 1871 alisafiri kwenda Marekani, akajaribu kulima katika jimbo la Nebraska. Kilimo kilimshinda haraka. Akahamia Chicago, mji uliokuwa ukijengwa upya baada ya moto mkubwa wa Oktoba 1871, na huko akapata kazi ya kuandika kwa hati mkato maneno yaliyosemwa mahakamani.

Mwaka 1876 alirudi London na kuendelea na kazi hiyo, safari hii akiandika mijadala ya bunge. Miaka mingi alisikia wabunge wakibishana juu ya vijiji vilivyobaki bila watu na miji iliyojaa kupita kiasi. London ya wakati huo ilikuwa na kazi, lakini familia nzima ziliweza kuishi katika chumba kimoja, penye moshi na maji machafu. Kijijini kulikuwa na hewa safi, lakini hakukuwa na mshahara.

Jibu lake alilitoa katika kitabu cha mwaka 1898, kilichochapwa tena mwaka 1902 kwa jina la Garden Cities of To-morrow. Alipendekeza mji wa watu 32,000 kwenye eneo la hekta 2,400 hivi. Hekta 400 ni za nyumba, viwanda, shule na bustani. Hekta 2,000 zinabaki mashamba kuuzunguka mji, na hakuna ruhusa ya kuyajenga. Mji ukijaa, hauli mashamba yake: unajengwa mwingine mbali kidogo, na reli inaiunganisha.

Lakini msingi wa yote ulikuwa udongo. Ardhi inunuliwe kwa bei ya shamba, ibaki mikononi mwa mji wenyewe, na kila mkaaji alipe kodi ya kiwanja. Kwa kuwa watu wakihamia thamani inapanda, kodi hiyo ingelipa deni la kununulia ardhi, halafu ingejenga barabara na shule na kuwasaidia wazee. Faida iliyoletwa na watu wote ingewarudia wote.

Mwaka 1903 kampuni ya Howard na wenzake ilinunua ardhi ya Letchworth, kaskazini mwa London. Barry Parker na Raymond Unwin ndio waliochora mji. Pesa zilikuwa shida tangu mwanzo. Wenye hisa waliwekewa mpaka wa faida wa asilimia 5 kwa mwaka, na matajiri wengi hawakuvutiwa. Mkewe, Lizzie, aliyemsaidia miaka yote, alikufa mwaka 1904 kabla ya kuhamia huko. Mwaka 1919, akikaribia miaka 70, Howard alikwenda kwenye mnada wa ardhi ya Welwyn bila pesa za kutosha hata za malipo ya kwanza, ikabidi akopeshwe palepale. Mji wa pili ukaanza mwaka 1920. Alipewa cheo cha Sir mwaka 1927, akafa Welwyn tarehe 1 Mei 1928, bila kuacha utajiri.

Wazo lake lilisafiri, lakini mara nyingi vipande vipande. Ubelgiji katika miaka ya 1920 ilijenga Le Logis na Floréal, pembeni mwa Brussels: nyumba za wafanyakazi zenye bustani, zikisimamiwa na ushirika wa wapangaji. Katika Kongo, utawala uleule wa Wabelgiji uliweka nafasi wazi za kijani kati ya mtaa wa Wazungu na siti za Wakongomani, kama ilivyokuwa Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Kwa Howard, kijani kilikuwa cha kumlisha mkaaji; huko kilikuwa cha kumtenga. Na ushirika haukuvuka bahari pamoja na bustani.

Hata Uingereza sehemu ngumu ilitaka kupotea. Karibu mwaka 1960, kampuni moja ya biashara ilijaribu kuitwaa Letchworth kwa kununua hisa. Wakaaji walipinga, na mwaka 1962 bunge likapitisha sheria ya kuukinga mji. Mpaka leo mapato ya ardhi yake yanatumika kwa faida ya mji huo.

Katika Kongo, sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Raia anapewa haki ya kuutumia. Kwa hiyo nusu ya sharti la Howard imeandikwa tayari. Nusu ya pili ndiyo inayoonekana kwa macho: parseli mpya zinapokatwa pembeni mwa Kisangani, je, pesa inayotoka kwenye udongo huo inarudi pale pale kama mfereji, shule na njia ya kupita, au mkaaji anaachiwa kiwanja na matope yake?