Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh, Baba wa Bethel (1831–1910)

Jina la Bethel si geni masikioni mwa Walutheri wa Tanzania. Wamisionari walioanza kazi Mlalo, katika milima ya Usambara, mwaka 1891, walitumwa na chama ambacho baadaye kilihamia Bethel na kujulikana kwa jina hilo. Hata hivyo, mtu aliyeifanya Bethel kuwa Bethel hakukanyaga ardhi ya Afrika hata siku moja, na wengi wetu twamjua kwa jina tu. Kwa kuwa sura hii yahusu udiakonia na ghala la chakula la usharika, yafaa maisha yake yaelezwe hapa. Swali linalowasumbua wahudumu wa ghala, yaani jinsi ya kumpa mtu chakula pasipo kumwondolea heshima yake, ndilo lililomsumbua yeye kwa karibu miaka 30.

Friedrich von Bodelschwingh alizaliwa tarehe 6 Machi 1831 huko Tecklenburg, katika Westfalen, Ujerumani. Baba yake alikuwa waziri katika serikali ya Prussia, na mtoto huyu alicheza pamoja na mwana wa mfalme. Njia ya vyeo ilikuwa wazi mbele yake. Yeye akachagua kilimo, akawa msimamizi wa shamba kubwa huko Pommern. Huko ndiko alikouona umaskini kwa karibu: vibarua wasio na ardhi, watoto wenye njaa, na pombe kali iliyomeza ujira wa wiki nzima. Alikuwa akiwagawia watoto wa vibarua vijitabu vya misheni, na siku moja akakisoma mwenyewe kimojawapo, kilichosimulia habari za kijana maskini wa Kichina. Mkulima akaacha shamba, akaenda kusoma theolojia Basel, Erlangen na Berlin, akitumaini kuwa mmisionari.

Mwaka 1858 alitumwa Paris, si kwa wapagani bali kwa Wajerumani wenzake waliokuwa wakifagia barabara za mji ule na kuokota matambara. Aliwajengea shule na kanisa. Mwaka 1861 alimwoa Ida, binti wa ukoo wake, na mwaka 1864 akawa mchungaji wa usharika wa Dellwig.

Hapo Dellwig, Januari 1869, kifaduro kiliingia nyumbani mwao. Katika muda wa majuma mawili watoto wao wanne walikufa, na hakubaki hata mmoja. Mungu aliwajalia watoto wengine baadaye, lakini Bodelschwingh mwenyewe alikiri kwamba msiba ule ndio uliomfundisha kuwahurumia watu. Mwandishi huyu haoni haja ya kuongeza neno juu ya hilo.

Mwaka 1872 aliitwa Bielefeld kuongoza nyumba ndogo ya wagonjwa wa kifafa, iliyofunguliwa mwaka 1867, pamoja na nyumba ya masista wa udiakonia iliyoitwa Sarepta. Wenye kifafa walifichwa na jamaa zao na kuogopwa na majirani, jambo ambalo sisi nasi twalifahamu. Mwaka 1874 mahali pale pakapewa jina la Bethel, na mwaka 1877 ukaanzishwa udugu wa mashemasi wa Nazareth. Nyumba ikazaa nyumba, hata pakawa kama mji, wenye karakana, mashamba na kanisa. Kila mgonjwa aliyeweza kushika jembe, sindano au nyundo alipewa kazi.

Wakati huohuo njaa ilikuwa ikitembea barabarani. Baada ya biashara kuanguka mwaka 1873, wanaume wengi walizunguka Ujerumani wakitafuta kazi na kuomba mkate mlango kwa mlango. Kuomba kulikuwa kosa la jinai, hivyo mwenye njaa aliweza kuishia gerezani. Walibisha hodi Bethel pia. Bodelschwingh aliona kwamba sarafu inayotupwa mlangoni humwondoa mwombaji bila kumsaidia, na mara nyingi huishia katika kilabu cha pombe. Mwaka 1882 alinunua mashamba katika nyika ya mchanga ya Senne na kufungua makazi ya Wilhelmsdorf. Aliyefika alipewa chakula, kitanda, na nguo za mkopo, ambazo alizilipia kwa ujira mdogo wa kulima na kugeuza ardhi ile ngumu. Pombe ilikatazwa kabisa. Makazi kama hayo yalifunguliwa sehemu nyingine za Ujerumani, na barabarani vikawekwa vituo ambavyo msafiri alipasua kuni au kuponda mawe kwa saa chache, kisha akala na kulala.

Utaratibu huo ulikuwa na ukali wake. Asiyetaka kazi hakukaa, na si kila mwenye njaa ana nguvu za kushika shoka. Wazee wetu wa kamati ya udiakonia, wanaopima unga na maharage mbele ya mstari mrefu, wanajua jinsi ilivyo vigumu kumtambua mvivu na kumtofautisha na aliyechoka. Kwa maoni yangu, Bodelschwingh alilijua jambo hili kadiri alivyozeeka. Mwaka 1905, alipofungua Hoffnungstal karibu na Berlin kwa ajili ya wasio na makao waliolala katika mabweni makubwa ya mji, alisisitiza kwamba kila mtu apate chumba chake mwenyewe, hata kama ni kidogo. Aliona kwamba mtu anahitaji mlango wa kufunga.

Ghala lake maarufu zaidi lilianza mwaka 1890. Alilitungia jina kutokana na habari ya Yohana sura ya 6, Yesu alipowalisha watu elfu tano na kuagiza vipande vilivyosalia viokotwe. Aliomba Ujerumani nzima imletee kisichotumika: nguo kuukuu, viatu, samani. Stempu za barua zilizotumika nazo zilikusanywa. Wagonjwa wenyewe ndio waliochambua, wakashona na kutengeneza, kisha vitu vikawafikia wahitaji kwa bei ndogo. Ni ajabu kwamba aliyepinga kuombaomba alikuwa mwombaji hodari kuliko wote. Aliandika barua kwa wafalme na kwa wajane, na hakuona haya.

Miji mingi ilichoka kulipia vituo vya barabarani. Basi mwaka 1903, akiwa na umri wa miaka 72, aliingia katika bunge la Prussia ili kutetea sheria juu ya wasafiri wasio na kazi. Sheria ilipita mwaka 1907, ingawa iliyaachia majimbo hiari ya kuitekeleza.

Kuhusu Afrika, mwaka 1890 alijiunga na uongozi wa chama cha misheni kilichoanzishwa Berlin mwaka 1886, katika joto la kutafuta makoloni, akakipa roho nyingine. Mashemasi wa Nazareth na masista wa Sarepta walikuja Usambara. Huko Lutindi, nyumba iliyofunguliwa mwaka 1896 kwa watoto waliookolewa utumwani ikawa baadaye hospitali ya wagonjwa wa akili. Mwaka 1906 makao ya chama yalihamia Bethel.

Mkewe alikuwa amefariki mwaka 1894. Yeye alilala tarehe 2 Aprili 1910, akazikwa huko Bethel, na kazi ikapokelewa na mwanawe aliyeitwa Friedrich pia. Mwaka huohuo wamisionari wa Bethel walianza kazi Bukoba, ambako walikuta wenyeji waliokuwa wamekwisha kulipokea Neno kutoka Uganda. Nalo ghala la vipande vilivyosalia lingali likipokea nguo hadi leo.