Mzee Pestalozzi na Kibao cha Mtoto

Mwanajeshi akaaye Kibenga, arejeapo jioni kutoka zamu, huenda akamkuta mwanawe wa darasa la kwanza ameinamia daftari, akijaza ukurasa mzima kwa vijiti vilivyosimama wima. Kesho vijiti hivyo vitalazwa. Kesho kutwa vitapindwa viwe duara. Baba huuliza ni lini basi mtoto ataandika jina lake. Swali hilo ni la zamani, na mmoja wa waliolitumikia maisha yao yote ni Mswisi aitwaye Johann Heinrich Pestalozzi.

Alizaliwa mjini Zürich tarehe 12 Januari 1746. Baba yake, aliyekuwa tabibu, alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka mitano, naye akalelewa na mama yake pamoja na mtumishi mwaminifu. Utu uzimani alijaribu kilimo huko Neuhof, akashindwa. Akawakusanya watoto wa maskini wasokote nyuzi huku wakisoma. Hapo nako fedha zikamwishia, akafunga mwaka 1780. Kitabu cha hadithi alichokitoa mwaka 1781 kilimpatia sifa, lakini sifa haikumpatia shule.

Shule ilimjia kwa njia ya vita. Mnamo Septemba 1798 majeshi ya Ufaransa yaliliangukia jimbo dogo la Nidwalden, ambalo lilikataa kuiapia katiba mpya. Mamia ya wenyeji waliuawa na mji wa Stans ukachomwa moto. Serikali ikamtuma Pestalozzi awatunze mayatima. Tarehe 14 Januari 1799 akafungua milango katika jengo la watawa, na muda si muda watoto wakawa wapatao 80, wengi wao wagonjwa na wenye chawa. Yeye alikuwa amekwisha kutimiza miaka 53, tena hakuwa na msaidizi ila mtumishi wa nyumba. Alikula nao, akalala kati yao. Watoto walikuwa wameanza kuchangamka pale ambapo, mwezi Juni, jengo lilitakiwa liwe hospitali ya askari wa Kifaransa, na wengi wao wakatawanywa. Sisi tuvaao sare twajua kwamba majeruhi hana budi kulazwa mahali. Lakini watoto wale hawaandikwi katika taarifa za vita.

Alihamia Burgdorf, na huko ndiko mbinu yake ilikokomaa. Desturi ya siku zile ilikuwa kumtia mtoto kalamu ya unyoya mkononi na kumwamuru anakili. Pestalozzi aliona kwamba hizo ni kazi mbili, kulijua umbo la herufi na kuitawala kalamu, na kwamba mtoto akibebeshwa zote pamoja huanguka. Alianza na ulimi: watoto waliutazama ukuta wenye karatasi kuukuu iliyotoboka, wakayataja matundu na michaniko kwa sentensi kamili. Kisha wakachora juu ya vibao mistari, pembe, miraba na matao. Herufi zilifuata, zile nyepesi kwanza, kisha zilizojengwa juu yake. Kibao kilikuwa na faida nyingine: kosa lilifutwa, likasahauliwa. Wino ulikuja mwisho, herufi zikiwa kubwa kama za kibaoni, ndipo zikapunguzwa kidogo kidogo. Haya aliyaeleza katika kitabu cha mwaka 1801. Ajabu ni kwamba mwandiko wake mwenyewe ulikuwa mbaya, naye hakuuficha.

Kuanzia mwaka 1805 aliongoza chuo katika ngome ya Yverdon. Prussia, iliyokuwa imepigwa na Napoleon mwaka 1806, ilituma vijana kwake wakasomee ualimu. Kisha, mwanzoni mwa mwaka 1814, yale ya Stans yakarudi: majeshi yaliyokuwa yakimfuatia Napoleon yaliitaka ngome iwe hospitali. Mzee hakukubali mara ya pili. Akiwa na umri wa miaka 68 alifunga safari mpaka Basel, kwenye makao ya majeshi hayo, akafika hata mbele ya Mfalme Alexander wa Kwanza wa Urusi. Amri ikafutwa, masomo yakaendelea.

Alichoshindwa kukizuia ni ugomvi wa walimu wake wenyewe, na chuo kikafungwa mwaka 1825. Alifariki mjini Brugg tarehe 17 Februari 1827, akazikwa katika kijiji cha Birr, kando ya nyumba ya shule.