Imamu Muhammad bin Sirin na Deni la Mafuta

Jina la Ibn Sirin limeenea katika nchi za Waislamu kwa sababu ya ndoto. Mtu akiota nyoka, au maji mengi, au jino lililong'oka, kukicha hutafutwa Ibn Sirin amesema nini. Lakini kitabu kikubwa cha tabiri kinachonasibishwa naye hakukiandika yeye. Kilikusanywa na watu waliokuja baada yake kwa karne nyingi. Watu wa zama zake katika mji wa Basra walimjua kwa mambo mengine: kwa elimu yake ya Hadithi, kwa biashara yake ya nguo, na kwa deni lililomtia gerezani.

Baba yake, Sirin, alikuwa fundi wa vyungu vya shaba, mtu wa Jarjaraya katika nchi ya Iraq. Alitekwa Ayn al-Tamr mwaka 12 H. (633), jeshi la Khalid bin Walid lilipouteka mji ule, akawa mtumwa wa Sayyidna Anas bin Malik, aliyekuwa mtumishi wa Mtume (S.A.W.). Sirin alitaka waandikiane mapatano ya kujikomboa, Anas akasita, hata Sayyidna Umar akaingia kati na kumlazimisha. Sirin akalipa maelfu ya dirham, akawa huru. Mkewe, Safiyya, naye alikuwa huria wa Sayyidna Abu Bakr. Basi Muhammad, aliyezaliwa mwaka 33 H., ilipobaki kama miaka 2 ya ukhalifa wa Sayyidna Uthman, alizaliwa katika nyumba iliyoijua vyema maana ya kulipa ulichoahidi.

Alisoma kwa Abu Huraira, kwa Ibn Umar na kwa Anas mwenyewe, na Anas alipokwenda Fars alikuwa karani wake. Mchana alikuwa mtu wa mzaha na kicheko, na usiku watu wa nyumbani wakisikia kilio chake.

Sokoni alikuwa na tabia zilizowashangaza wafanyi biashara wenziwe. Ikimwangukia dirham mbovu, hakuitoa kwa mtu mwingine. Aliiweka kando, isije ikampunja mwingine. Alipofariki zilikutwa kwake kiasi cha dirham 500 za namna hiyo. Alipokopa kitu cha kupimwa, alilifunga lile jiwe la mizani na kulitia muhuri, akalihifadhi mpaka siku ya kulipa, kwani mizani huzidi na hupungua. Na safari moja aliacha faida ya dirham 40,000 kwa shaka tu, katika jambo ambalo wengine hawakuliona kuwa na ubaya wowote.

Mtu wa namna hii ndiye aliyefilisika. Alinunua mafuta ya zeituni kwa dirham 40,000, na mali ile ilikuwa deni shingoni mwake. Katika kiriba kimoja akakuta panya aliyekufa. Angeweza kukimwaga kile kimoja, akauza vilivyobaki, na wala hapana mnunuzi ambaye angejua. Lakini yeye alifikiri kwamba panya yule huenda alikufa katika kinu cha kushindikia, na ikiwa ni hivyo, basi mafuta yote yamenajisika. Akayamwaga yote. Siku ya kulipa ikafika, naye hana kitu, akafungwa.

Iko riwaya nyingine ya kufungwa kwake. Husemwa kwamba alimwuzia mwanamke mmoja kijakazi, na kijakazi yule akarudi kwake akilalamika kuwa anateswa. Ibn Sirin akamchukua, hali bei yake amekwisha itumia, na mwanamke yule ndiye aliyemfunga. Ipi katika riwaya hizi iliyo sahihi zaidi ni kazi ya wanachuoni kuipima. Katika zote mbili hakuiharibu mali ya watu kwa anasa wala kwa uvivu.

Mwenyewe hakujitetea hata kwa hayo. Alisema kwamba msiba ule ameujua ulikotoka: miaka mingi nyuma, kiasi cha miaka 40, alimwaibisha mtu mmoja kwa ufukara wake, akamwita muflisi. Neno lile lilikuwa limemrudia. Abu Sulaiman al-Darani, aliposimuliwa habari hii, alisema kuwa watu wale dhambi zao zilikuwa chache, ndiyo maana waliweza kujua ni ipi iliyowaletea taabu.

Gerezani, msimamizi alimwonea huruma. Alitaka amwache usiku aende kwa watu wake, arudi asubuhi. Ibn Sirin akakataa. Hakuwa tayari kumsaidia mtu kuhini amana aliyopewa na mtawala.

Kisha, mwaka 93 H. (711-712), Anas bin Malik akafariki, naye alikuwa ameusia kwamba mwenye kumwosha na kumsalia awe Muhammad bin Sirin. Watu wakaenda kwa amiri, naye akatoa ruhusa. Imepokewa kwamba Ibn Sirin hakutosheka na ruhusa hiyo: aliyemfunga si amiri bali ni mwenye haki yake, basi aulizwe yeye. Mdai akaulizwa, akakubali. Akatoka, akamwosha bwana wa baba yake, akamkafini, akamsalia katika kasri lake nje ya mji. Kisha akarejea moja kwa moja gerezani, wala hakupita nyumbani kwake. Mdai yule alikuwa amemfunga kwa kukosa fedha, na siku ile akamwachia kwa kuliamini neno lake tu.

Baada ya siku ile aliishi miaka mingine 17, na deni hakuwahi kulimaliza. Alipokaribia kufa, mwanawe Abdullah akalichukua deni lile kwa dhamana. Mzee akamwuliza kama atalilipa kwa ukamilifu wake, naye akajibu kuwa ndiyo, kwa ukamilifu. Baba akamwombea baraka. Akafariki mwezi wa Shawwal mwaka 110 H. (729), siku 100 baada ya Hasan al-Basri. Abdullah akawalipa wadai wa baba yake dirham 30,000, na alipokufa yeye Abdullah, mali yake ilikadiriwa kuwa kiasi cha dirham 300,000.