Friedrich Miescher na Hazina Iliyokuwa Katika Usaha

Muhula uliopita nilikuwa miongoni mwa wale waliolalamika kwamba sayansi haisomeki katika shule yenye hadubini mbili tu. Mwalimu wetu wa biolojia hakunigombeza. Alinituma maktaba nikasome habari za Friedrich Miescher, kisha nirudi nimweleze. Niliyoyasoma yalinifunga mdomo, na leo nataka niwagawie wenzangu.

Miescher alizaliwa Basel, katika nchi ya Uswisi, mwaka 1844. Baba yake alikuwa daktari, naye akasomea kazi hiyo hiyo. Lakini homa kali aliyougua ujanani ilikuwa imemharibu masikio, na mtu asiyesikia vizuri atasikilizaje kifua cha mgonjwa? Basi alipomaliza masomo mwaka 1868 alikwenda Tübingen, Ujerumani, kujifunza kemia ya viumbe kwa Profesa Felix Hoppe-Seyler.

Maabara aliyopewa ilikuwa zamani jiko la ngome. Vitu vyake vya kazi vilikuwa bendeji chafu kutoka hospitali jirani, zilizolowa usaha wa vidonda. Wengine walizitupa, yeye aliziosha, kwa kuwa usaha umejaa seli nyeupe za damu, na kila seli ina kiini. Mwaka 1869 alitoa ndani ya viini hivyo kitu kisichojulikana. Hakikuwa protini, maana dawa ya tumbo isagayo protini haikukiweza, tena kilikuwa na fosforasi nyingi. Akakiita nukleini. Profesa wake hakuamini upesi. Aliyarudia majaribio kwa mkono wake mwenyewe, na habari hizo zikachapishwa mwaka 1871 tu.

Miescher alirudi Basel akawa profesa, akaendelea na kazi yake kwa mbegu za kiume za samaki aina ya salmoni waliovuliwa katika mto Rhine. Kitu hicho huharibika upesi penye joto, kwa hiyo alifanya kazi katika vyumba vya baridi kali. Mwisho alishikwa na kifua kikuu, akafariki Davos mwaka 1895, umri wake miaka 51. Alikufa bila kujua kazi hasa ya kile alichokipata.

Kazi hiyo ilijulikana baadaye. Mwaka 1944 Oswald Avery na wenzake wawili, huko New York, walionyesha kwamba asidi nukleiki iitwayo DNA ndiyo ibebayo urithi wa bakteria. Mwaka 1953 James Watson na Francis Crick walieleza umbo lake, wakisaidiwa na picha za eksirei zilizotoka katika kazi ya Rosalind Franklin. DNA ni kama ngazi ya kamba iliyosokotwa. Kila kipandio kina herufi mbili za kemia zilizoshikana: A hushika T, na G hushika C, wala hazibadilishani wenzi. Seli inapotaka kugawanyika, ngazi hupasuka katikati, na kila nusu hujitengenezea mwenzake. Hivyo seli zote mbili hupata maagizo yale yale. Asidi ya pili, RNA, huyanakili maagizo na kuyapeleka mahali protini zinapoundwa. Ndiyo sababu mtoto hufanana na wazazi wake.

Nilipokwisha kueleza hayo, mwalimu hakusema neno. Alinipa ufunguo wa kabati la hadubini, akaniagiza nilete kitunguu kimoja kutoka jikoni. Jioni ile, katika utando mwembamba wa kitunguu, niliona viini kwa macho yangu.

Wenzangu, tusingoje vyombo vizuri ndipo tuanze. Miescher alianza na vitambaa vya kutupwa, na leo elimu ya urithi duniani kote inasimama juu ya kazi yake.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu